Kitabu Kwanza, Nauli Baadaye: Kupanga Safari Ukiwa Junju

Chukua daftari la kurasa 96, ulipige mistari upate safu nne kila ukurasa. Safu ya kwanza ni ya mahali unapotamani kufika. Ya pili ni ya kitabu kinachohusu mahali hapo, ulichokwisha kukisoma au unachokisoma sasa. Ya tatu ni ya njia na nauli, na ya nne ni ya miezi ambayo safari hiyo inafaa. Sharti ni moja: safu ya pili ikibaki tupu, mahali hapo hapajaingia katika orodha, hata kama picha zake zimejaa kwenye simu yako.

Sharti hili lina uzito kwa mtu wa Junju. Sisi wa huku husafiri sana, lakini safari zetu ni za shughuli: matanga Kaloleni, harusi Mtwapa, mgonjwa amelazwa Kilifi, mtoto anapelekwa shule ya bweni. Kuondoka nyumbani kwenda kutazama tu ni jambo ambalo mtu hulionea haya, kwa sababu nauli ile ile ingenunua unga. Ndiyo maana ninasisitiza kitabu. Ukikaa nacho jioni kadhaa, ukawa unawasimulia wa nyumbani kila unapofika, safari inapata sababu ambayo nyumba nzima inaielewa, na mara nyingi kuna mmoja atakayetaka kuandamana nawe. Faida nyingine ni ya macho. Anayefika mahali bila kusoma huona mawe na miti. Aliyesoma ana maswali ya kumuuliza mtunzaji, na watunzaji wa pwani yetu wana mengi ya kumwambia mtu aliyekuja na maswali.

Anza na pale unapoweza kwenda ukarudi kabla ya magharibi. Shuka kwa bodaboda hadi barabara kuu ya Mombasa na Malindi, panda matatu ya Kilifi, uteremke njia panda ya Takaungu. Mji huu ulio kando ya mkono wa bahari una historia kubwa kuliko ukubwa wake. Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walipopokonywa mji huo mwaka 1837, tawi lao moja lilijipanga upya hapa, likaendesha mashamba ya nafaka yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1895, mgogoro wa nani arithi uongozi wa Takaungu ndio uliowasha vita vya Wamazrui dhidi ya Waingereza.

Kitabu cha kusoma kabla ya kwenda huko hukitarajii. Karen Blixen, yule mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, alichapisha Out of Africa mwaka 1937, na ndani yake mna kurasa za Takaungu, kwa kuwa rafiki yake Denys Finch Hatton alijenga nyumba huko. Huna haja ya kukimaliza kitabu kizima. Tafuta kurasa hizo, uzisome taratibu, kisha ujiulize swali moja: watu wa Takaungu wenyewe wako wapi humu? Nenda na swali hilo. Keti barazani na wazee baada ya sala ya alasiri, uulize koo zilizoanza mji, misikiti ya zamani, na ni nani aliyekuwa akiwauzia samaki wale wageni. Mwandishi mgeni anaweza kukuonyesha rangi ya bahari ya kwako kwa namna ambayo hukuwahi kuitazama, na papo hapo akampita jirani yako asimwone. Msomaji mzuri huyaona yote mawili na hakitupi kitabu.

Siku hiyo hiyo, ukiwa na muda, endelea hadi Mnarani, upande wa kusini wa daraja la Kilifi. Magofu yako juu ya jabali. Kuna misikiti miwili, makaburi, na kaburi la mnara lililoupa mji jina. Ndani ya msikiti mkubwa tazama maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, usogee hadi uone alama za patasi ya fundi. Mji huu uliishi kuanzia karne ya 14 hadi ya 17. Hapa pendekezo langu si riwaya ila utenzi: Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, alioutunga yapata miaka 200 iliyopita akiyatazama majumba ya mji wake yalivyobaki kuwa makao ya popo na ndege. Kiamu chake ni kigumu kwetu sisi wa kusini, kwa hiyo tafuta nakala yenye maelezo pembeni, na usome beti chache tu kwa sauti kabla ya kulala. Ukishausoma, ukasimama pale Mnarani kati ya ukuta uliobomoka na mbuyu uliobaki, hutahitaji mtu akueleze kwa nini washairi wa pwani waliliandama jambo hili.

Kabla hujaondoka, muulize mzee yeyote wa pale habari za feri. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalipanga foleni kwenye kivuko, na waliokuwa wakiuza korosho na madafu kwenye foleni hiyo bado wapo. Hayo hayamo katika kitabu chochote nilichokishika.

Sasa Gede, ambapo ningekuomba utenge siku nzima. Wengi wetu tumepita kibao cha Gede tangu utotoni tukielekea Malindi bila kuteremka. Panda gari la Malindi kutoka Kilifi, shuka kwenye njia panda ya Watamu, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu au kwa tuktuk. Beba kitambulisho ili ulipe kiingilio cha mwananchi, na uwe na pesa kwenye simu, kwa sababu malango mengi ya Makumbusho ya Taifa siku hizi hayataki noti. Fika asubuhi. Msitu una kivuli kizuri, lakini saa za mchana joto hutuama humo ndani na mbu nao huamka.

Wiki chache kabla ya kwenda, soma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Ni riwaya ya upelelezi ya Unguja, na mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko na subira, akiwa na rafikiye Najum. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali pa kale ambapo watu huogopa kupakaribia, na Bwana Msa anakataa kuogopa: anatazama, anauliza, anaoanisha. Nimekirudia kitabu hiki msimu huu wa mvua na bado kinanishika shati. Ninakupa hicho kwa sababu Gede nayo ina sifa ya mashetani, na wapo watu wazima wa Kilifi ambao hawatakanyaga humo jua likishatua. Nenda na macho ya Bwana Msa.

Na kesi ipo kweli, haijafungwa. Mji wa mawe wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme na ukuta wa kuuzunguka ulikaa hapa karne kadhaa, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wareno walikaa Malindi karibu miaka 100, mwendo wa kilomita 16 hivi, na katika maandishi yao hakuna mahali wanapoitaja Gede kwa jina hilo. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa kuanzia mwaka 1948 hadi 1958 akatoa vyombo vya kauri vya China, shanga na sarafu. Nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Kwa nini watu waliondoka? Wapo wanaosema maji ya visima yalizama, wapo wanaosema uvamizi kutoka kaskazini, na wapo wanaotaja misukosuko ya biashara baada ya Wareno kuingia. Mwaka 2024 UNESCO iliitia Gede katika orodha ya urithi wa dunia, na kesi bado iko wazi.

Kwa hiyo usizunguke magofu yote mbio mbio. Chagua nyumba moja, ukae ndani yake saa nzima. Tafuta mlango wa mgeni na mlango wa watu wa nyumbani. Tafuta kisima kilipo, choo kilipo, na maji machafu yalitokea wapi. Pitisha kidole kwenye kiungo cha ukuta uone chokaa ilivyopakwa juu ya matumbawe. Tazama vishimo vya ukutani, ujiulize walikuwa wakiweka nini humo. Kisha nenda kwenye kaburi lenye tarehe. Limechongwa mwaka wa Hijria 802, ambao ni mwaka 1399, na ndilo saa ya mji mzima, kwa maana wachimbaji walipima umri wa vitu vingine vingi wakianzia hapo. Mtu aliyezikwa pale alikufa karibu miaka 100 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Ukitaka kulipumzisha jicho baada ya hapo, Mradi wa Kipepeo uko palepale langoni tangu mwaka 1993. Wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na pupa wa vipepeo hao huuzwa hadi ng'ambo, hivyo msitu ukawa na faida ukiwa umesimama.

Malindi yenyewe nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi mnaifahamu: nguzo ya Wareno, kanisa dogo ambalo inasimuliwa Fransisko Xavier alipita mwaka 1542, na makumbusho. Kitu kimoja tu usome kabla: habari za twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Ukiwa ufukweni mwambie mtoto uliyemchukua habari hiyo, kisha umwache afikirie jinsi mnyama yule alivyopakiwa chomboni. Kwa Marafa, yale mabonde ya udongo mwekundu ambayo Wagiriama huyaita Nyari, ngoja alasiri ndipo rangi zinapokolea, na umtake mwenyeji akusimulie hadithi ya tajiri na jamaa zake waliooga maziwa.

Njia ya pili kutoka Junju ni ya bara, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Kutoka Mavueni kuna magari ya Kaloleni, na kutoka Kaloleni unapata ya kuelekea Mazeras kupitia Rabai. Rabai ndipo wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoweka kituo chao mwaka 1846, miaka miwili baada ya Krapf kumzika mkewe Rosina na mtoto wao Mombasa. Kutoka Rabai, Rebmann alikwenda akaiona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata. Wanajiografia wa London walibishana miaka kuhusu theluji iliyo karibu na mstari wa ikweta, na waliowapa wamishonari hao habari za milima ile kabla hawajaiona walikuwa wasafiri wa misafara, watu wa pwani na wa bara waliokwisha kuijua zamani. Makumbusho madogo ya Rabai yanaieleza habari hiyo.

Kitabu cha safari hii ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Kinasimulia watu waliotekwa bara, wakaokolewa baharini, wakaletwa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Ni kitabu kifupi, Kiswahili chake kimenyooka, na unakimaliza kwa siku mbili tatu. Mbotela anawasifu Waingereza kuliko wanavyostahili, na wahakiki wamemlaumu kwa hilo. Mimi naomba umsome hata hivyo, kwa sababu sauti ya mwana wa waliouzwa, kwa Kiswahili, katika miaka hiyo, ni adimu kupita kiasi. Ukimaliza, huna haja ya nauli mpya. Kila siku unapokwenda Mombasa gari hupita Kengeleni, na ile kengele iliyopigwa kuwaonya watu wa Freretown bado ipo pale njia panda, kando ya kelele za makanga na wauza viatu. Shuka mara moja uitazame.

Kaya ni jambo jingine, na hapa ninaomba uwe makini. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2008, zikiwemo Kauma, Jibana, Kambe, Ribe, Rabai na Kaya Giriama ambayo wengi tunaiita Kaya Fungo. Hata kama wewe ni mwenyeji, kaya haiingiwi kama soko. Tuma salamu kwa wazee mapema, ueleze nia yako, uulize ada ni nini, na siku ipi inafaa. Ukiambiwa vua viatu, vua. Ukiambiwa jifunge kaniki, jifunge. Ukiambiwa sehemu hii haipigwi picha, simu ibaki mfukoni. Usichume jani wala kuokota ukuni. Ukikataliwa, shukuru urudi siku nyingine.

Kabla ya Kaya Fungo, jifunze habari za Mekatilili wa Menza, kwa sababu yeye mwenyewe ni habari ya safari. Mwaka 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola baada ya kuwalisha watu kiapo cha kutowatumikia Waingereza, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata walitoroka na kurudi Giriama kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Fungua ramani, weka kidole Kisii, kisha ukiburute hadi hapa. Kila unapolalamika kwamba matatu imechelewa Vipingo, kumbuka mwendo ule wa mwanamke ambaye hakuwa kijana tena.

Zipo pia safari ambazo hakuna gari linalokwenda, na mwandishi wa kwetu ametuandikia moja. Katama Mkangi, Mmijikenda, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyewekwa kizuizini miaka ya 1980 na kugombea urais mwaka 1997, alitoa Walenisi mwaka 1995. Mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa katika chombo na kurushwa angani, akidhaniwa amekwisha, naye anafika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa haki. Nimekisoma juzi juzi baada ya kusoma Kusadikika ya Shaaban Robert, ambayo nayo ina wajumbe waliotumwa pande sita za ulimwengu na kurudi na habari njema ambazo wakubwa hawakutaka kuzisikia. Visome kwa kufuatana hivyo. Andika Walenisi katika safu ya kwanza ya daftari lako bila aibu, na katika safu ya nauli andika kwamba ilikwisha kulipwa.

Vitabu utavipata wapi? Swali hili huwavunja moyo wengi, na majibu yako karibu. Maktaba ya umma iko Kilifi mjini. Jiandikishe, uulize rafu ya Kiswahili, na usione haya kuuliza tena wiki ijayo. Nyumba nyingi za Junju zina vitabu vya fasihi vilivyosomwa kwa ajili ya mtihani kisha vikasukumwa chini ya kitanda. Mtoto akimaliza kidato cha nne, kiombe kitabu kabla hakijawa karatasi ya kufungia bajia. Mombasa kuna wauza vitabu vikuukuu kando ya barabara, na ukimwachia mmoja wao orodha yako na namba ya simu atakutafutia. Njia ninayoiamini zaidi ni ya kikundi: watu watano wenye vitabu viwili kila mmoja wana vitabu kumi, na mnaweza kukutana pale pale mnapokutana kwa chama. Someni sura moja kwa sauti kabla ya kutoa michango. Wasiosoma vizuri wakae karibu na msomaji, maana hadithi haimbagui mtu kwa macho yake.

Zikishakamilika safari za karibu, ndipo upanue mkono. Tamaa yangu kubwa sasa ni kuifuata njia ya Kongowea Mswahili, yule kijana wa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Anaondoka Tanga kumtafuta babake na anaishia Kitale. Waliosoma shule miaka hiyo wanakijua kitabu hiki, lakini walikisoma wakiogopa maswali ya mtihani. Walibora alifariki Aprili 2020, na namna nzuri ya kumkumbuka ni kumsoma tena bila kuogopa mtihani. Njia yenyewe inafanyika: basi la Mombasa hadi Tanga kupitia Lungalunga na Horohoro, kisha urudi Mombasa, upande treni Miritini hadi Nairobi, na basi la Kitale. Nauli ya daraja la kawaida ya treni hiyo ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, kwa hiyo hesabu upya kama ulikuwa na bajeti ya zamani. Kwa Tanzania shughulikia pasipoti mapema kupitia eCitizen, maana ndiyo inayokuondolea maswali mpakani. Uganda na Rwanda, Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti, kisikae ndani ya begi lililo juu ya basi.

Ukishafika Tanga, Unguja iko karibu. Kwa huko kuna vitabu vya kuchagua. Kuli ya Adam Shafi inakupeleka bandarini kwenye mgomo wa wapagazi wa mwaka 1948. Bandari yenyewe iko Malindi, mtaa wa Unguja wenye jina la mji wetu. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata tuzo ya Nobel. Humo kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao kwa deni la babake, anafuata msafara wa biashara hadi bara. Kiswahili cha tafsiri hiyo kimetulia kiasi kwamba unasahau kilipita katika lugha nyingine. Kama una nafasi ya kitabu kimoja tu katika begi, beba hicho.

Kaskazini kuna Lamu, urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Basi hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Uliza hali ya usalama ya barabara wiki hiyo hiyo, na safiri mchana. Anayesoma Kiingereza asome The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2019, inayoanzia Pate na kufika hadi China. Kwenda Pate kwenyewe unangoja maji yajae, kwa kuwa mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakikauka. Safu ya nne ya daftari inafanya kazi hapa. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inavuma na bahari ni tulivu. Juni hadi Agosti kusi ina nguvu, na boti ndogo zitakutoa jasho. Aprili na Mei ni masika. Barabara za udongo haziaminiki, na hiyo ndiyo miezi ya kukaa nyumbani kusoma. Desemba nauli zote hupanda, basi ukiweza ngoja Januari ya mwisho mwisho shule zikishafunguliwa.

Jambo la mwisho ni kuandika. Mwaka 1896 mtu wa Ngazija, Selim bin Abakari, alifuatana na Mjerumani aliyemtumikia hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake ya Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Fikiria: mtu wa visiwa vya joto akiandika habari za Siberia kwa lugha yetu, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Baada yake tumesafiri wengi, kwenda Muscat, Dubai, Doha na Ulaya, na tulichoandika ni kidogo mno. Kwa hiyo kila jioni ya safari, kabla hujaoga, andika ukurasa mmoja. Andika jina la stendi na la njia panda, nauli uliyolipa na ile uliyotajiwa kwanza, ulikula nini na kwa nani, saa ambayo maji yalijaa, na maneno ya wenyeji ambayo hukuyajua. Andika jambo ambalo kitabu kilisema nawe hukuliona, na jambo uliloliona ambalo hakikulisema, pamoja na ukurasa wake. Ukirudi Junju, itie karatasi hiyo ndani ya kitabu kwenye ukurasa huo huo, kisha umwazime jirani kitabu hicho na umwambie siku ambayo wewe uko tayari kwenda tena.